Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: maisha na kazi kwenye kituo cha hali ya hewa cha Mlima Washington

Niliweka picha moja kwenye grupu la ukoo: mimi nimejikunja ndani ya jaketi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, na nyuma yangu ukungu mtupu. Ilikuwa mwezi wa Julai. Mama mdogo, yuko Moshi, akauliza kwanza kama naumwa. Nilipoeleza kwamba nilikuwa juu ya mlima ambao watu wanaishi kileleni mwaka mzima kupima upepo, maswali yakamiminika na hayajaisha mpaka leo, mengine kutoka kwa watu nisiowajua. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa sauti za WhatsApp. Majibu yote haya hapa. Mimi si mtaalamu wa hali ya hewa. Ninaishi Portland, Maine, mlima huo ni jirani yangu, na umenikaa kichwani.

Mlima wenyewe uko wapi?

Jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kilele kina mita 1,917. Waabenaki, ambao ndio wenyeji wa asili wa eneo hilo, wanauita Agiocochook. Siku ya anga safi wakati wa baridi, ukisimama kwenye bustani ya Western Promenade hapa Portland, unauona upande wa magharibi, umekaa mweupe peke yake.

Kiangazi unafikika kwa urahisi wa ajabu. Kuna barabara ya magari iliyofunguliwa mwaka 1861, ina kilomita kama 12 za kona na mabonde ya kutisha, na upande wa pili kuna reli ya meno, yaani treni inajishikiza kwa gurudumu lenye meno ili isiteleze, iliyofika kileleni mwaka 1869, ya kwanza duniani kupanda mlima kwa mtindo huo. Ukipanda kwa gari unapewa kibandiko cha kujigamba kwamba gari lako limeupanda. Changu kimebandikwa kwenye gari ambalo halikustahili, maana lilichemka njiani mara mbili.

Mita 1,917 tu? Hicho si kilima?

Hili ndilo swali la watu wa kwetu, na nilikuwa nalo mimi mwenyewe. Nimekulia chini ya Kibo, mita 5,895. Mtu akiniambia mlima wa mita 1,917 nacheka. Nairobi iko mita 1,795 juu ya bahari. Yaani kilele hicho kinaizidi Nairobi kwa mita mia na ushee tu, na hakuna anayepanda Nairobi na meno ya chuma viatuni.

Lakini kimo peke yake si kitu. Kwanza ni mahali ulipo: latitudo ya nyuzi 44 kaskazini, mbali na ikweta, kwa hiyo miti inakoma njiani, hata haijafika mita 1,500. Juu ya hapo ni mawe na majani mafupi yaliyojilaza. Pili, njia kadhaa za dhoruba za Amerika Kaskazini zinakutana eneo hilo: zinazotoka magharibi, zinazopanda na pwani ya Atlantiki, na baridi inayoshuka kutoka Kanada. Tatu ni umbo. Safu ya milima imelala kaskazini kwenda kusini, na upepo mwingi unatoka magharibi, unaigonga ubavuni. Hewa haina pa kwenda ila juu, na juu nako kuna tabaka la hewa linaloikandamiza. Inabanwa katikati, na kitu kinachobanwa hukimbia. Umewahi kuziba mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba? Ndivyo hivyo.

Baridi yake inafikia wapi?

Joto kubwa kabisa lililowahi kurekodiwa kileleni ni nyuzi 22 za Selsiasi. Kubwa kabisa, narudia. Hiyo kwetu ni asubuhi ya Juni ambayo watoto wanavaa sweta kwenda shule.

Upande wa pili, Februari 2023, kipimajoto kilishuka mpaka nyuzi 44 chini ya sifuri, na upepo ulikuwa unapita kilomita 160 kwa saa. Wataalamu wana hesabu ya kuunganisha baridi na upepo kupata ile baridi ambayo ngozi inaisikia, na usiku ule hesabu ilitoa nyuzi 78 chini ya sifuri, kiwango ambacho kabla ya hapo kilikuwa hakijawahi kurekodiwa Marekani. Friji ya kugandishia nyama nyumbani inakaa kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Mtu aliyekuwa kileleni usiku ule angeingia ndani ya friji hiyo kujipasha moto.

Kwa mwaka, zaidi ya siku 100 upepo unafikia nguvu ya tufani, yaani kilomita 119 kwa saa na kuendelea. Theluji inayoanguka ni kama mita saba. Na zaidi ya nusu ya muda kilele kimo ndani ya wingu, ndiyo maana picha yangu haikuonyesha chochote.

Kituo kilianza lini?

Jeshi la Marekani, kupitia kikosi chake cha mawasiliano, liliweka wapimaji kileleni miaka ya 1870 na kuendelea mpaka 1892, kisha wakashuka. Kituo cha sasa kilianzishwa mwaka 1932 na vijana wanne, Bob Monahan, Sal Pagliuca, Alex McKenzie na Joe Dodge. Walipewa ruzuku ya dola 400 na chuo cha wanasayansi cha New Hampshire, wakapanda na redio na vyombo vyao, wakakaa. Ulikuwa mwaka wa pili wa kimataifa wa utafiti wa ncha za dunia, kwa hiyo vipimo vya milimani vilikuwa vinatafutwa. Hawajashuka tangu hapo. Si idara ya serikali. Ni taasisi binafsi isiyo ya faida inayoishi kwa wanachama, wahisani na miradi ya utafiti.

Ule upepo wa 1934 ni kweli au hadithi?

Ni kweli. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo kazi yenyewe inapoonekana.

Aprili 1934 wapimaji walikuwa wanaishi kwenye nyumba ya mbao iliyofungwa kwa minyororo kwenye mwamba. Usinielewe vibaya: minyororo ya chuma, inapita juu ya paa, inashuka pande mbili, inafungwa kwenye jiwe, ili nyumba isiondoke. Usiku wa kuamkia tarehe 12 dhoruba ilikuwa imeshika. Alfajiri mmoja wao, Wendell Stephenson, aliangalia chombo kikamwonyesha kama kilomita 170 kwa saa. Sauti ya upepo nje haikuwa ya kilomita 170. Mtu aliyezoea upepo ule anaujua kwa sikio kama mvuvi anavyojua bahari kwa kuisikiliza akiwa bado kitandani. Akajua kipimaupepo kimekamatwa na barafu na kinadanganya.

Kwa hiyo akavaa, akachukua rungu la mti, akafungua mlango. Upepo ukamwangusha papo hapo. Akainuka, akaifikia ngazi, akapanda huku upepo wenyewe ukimgandamiza kwenye ngazi, akaipiga ile barafu mpaka ikabanduka. Alipoteremka na kurudi ndani, namba zilikuwa zimepanda mbali sana na zile alizoziacha.

Mchana wa siku hiyo, saa saba na dakika 21, walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa. Upimaji wake ulikuwa wa kusikiliza mibofyo ya chombo huku umeshika saa ya kupimia mbio mkononi. Pagliuca, aliyekuwa ameishika, aliandika baadaye kwamba wazo lao la kwanza lilikuwa kama watu watawaamini. Chombo kikateremshwa, kikapelekwa kupimwa upya maabara, kikakutwa sawa.

Mimi kinachonigusa si ile namba. Ni rungu. Bila mtu mmoja kutoka kitandani alfajiri na rungu, siku ile ingeandikwa kwenye daftari kama siku ya upepo wa kawaida.

Si rekodi hiyo ilishavunjwa?

Ndiyo. Tarehe 10 Aprili 1996 tufani iliyoitwa Olivia ilipita Kisiwa cha Barrow, Australia, na chombo kikaandika kilomita 408 kwa saa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lililithibitisha hilo mwaka 2010 tu. Watu wa Mlima Washington wanakubali, ila wanakumbusha kwamba kule Barrow chombo kilikuwa kinajiendesha chenyewe. Upepo mkubwa kuliko wote uliopimwa na binadamu akiwa hapo hapo bado ni wao. Ni kama Simba na Yanga: kila upande una takwimu yake.

Siku ya kazi inakuwaje?

Inakatwa kwa saa. Kila saa, mchana na usiku, Krismasi na Pasaka, kama robo saa kabla ya saa kamili, mpimaji anavaa na kutoka nje.

Anabeba kifaa ambacho ukikiona utasema ni mchezo wa watoto: vipimajoto viwili vimefungwa kwenye kibao kimoja chenye mpini, na kimoja kati yao kimevishwa kitambaa kilicholowa. Anatafuta pa kusimama upepo ukimpiga, anakizungusha hewani kama mtu anayezungusha teo kuwinga ndege kwenye mpunga. Maji ya kitambaani yakikauka yanachukua joto, kipimajoto chenye kitambaa kinashuka, na tofauti kati ya viwili inakupa unyevu wa hewa. Kifaa hiki ni cha zamani na bado kinatumika kileleni kwa sababu hakina waya wa kukatika.

Akiwa nje anaangalia mawingu: ya aina gani, mangapi, yako juu kiasi gani au tumo ndani yake. Anaangalia umbali wa kuona. Kwa hilo hawana mashine ya maana kuliko macho. Wanajua umbali wa kila mlima unaowazunguka, kwa hiyo mlima wa mwisho unaoonekana ndio kipimo. Siku njema sana wanaona mpaka milima ya jimbo la New York, zaidi ya kilomita 200. Siku mbaya wanahesabu kama wanaona mwisho wa ukumbi. Anaandika mvua, theluji, radi, ukungu unaogandisha.

Anarudi ndani, anasoma mgandamizo wa hewa na mwendo wa upepo, anaunda ujumbe mfupi wa herufi na tarakimu na kuutuma. Mtindo wa ujumbe huo ni ule ule unaotoka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere au Jomo Kenyatta. Rubani wa nchi yoyote anausoma. Kisha, kila saa sita, kuna safari ya ziada ya kwenda kuchukua mkebe wa mvua. Ni mkebe mzito umewekewa vizuizi vya upepo kuuzunguka. Unauchukua, unaacha mwingine mtupu, unaurudisha ndani, theluji inayeyushwa na maji yanapimwa. Katika upepo mkali kazi ya mkebe ni kazi ya kutembea umeinama, wakati mwingine kwa magoti.

Katikati ya hayo yote wanaandika utabiri wa vilele, wanausoma kwenye redio za mitaani asubuhi, wanajibu simu, wanakarabati vyombo, wanachimbua theluji mlangoni. Kuna mpimaji wa mchana na wa usiku. Wa usiku anapokea jioni na kukesha peke yake wengine wamelala.

Kwa nini wasifunge mashine wakae nyumbani?

Swali zuri, na wana mashine nyingi tu. Tatizo ni barafu.

Mawingu ya huko yana matone ya maji ambayo ni baridi kuliko sifuri lakini hayajaganda. Yanangoja kitu cha kugusa. Yakigusa mwamba, nguzo, kamba au nyusi zako, yanaganda papo hapo. Barafu hiyo ni nyeupe, ina umbo la manyoya ya ndege, na inaota kuelekea upepo unakotoka. Wageni wote wanadhani upepo umeisukuma nyuma. Kumbe inajijenga usoni mwa upepo, safu juu ya safu. Nguzo nyembamba kama mpini wa jembe inaweza kuwa nene kama gogo kabla hujamaliza chakula cha jioni.

Sasa fikiria kipimaupepo cha vikombe, kile cha kuzunguka ulichokiona kwenye vituo vya kwetu. Hapa hakina maisha. Wao wanatumia mrija wa kupima mgandamizo wa hewa, kama ule ulio chini ya bawa au kwenye pua ya ndege, na wanaupasha moto kwa umeme. Hata hivyo barafu inajikusanya kuuzunguka na kubadilisha njia ya upepo. Kwa hiyo mtu anapanda mnara. Anapita ngazi za ndani, anatokea kwenye kizimba cha juu kabisa, na mikononi ana mtaimbo au nyundo kubwa. Anagonga nguzo, si vyombo, ili mtikisiko uibandue barafu. Vipande vinaruka na upepo, kwa hiyo anasimama upande ambao havitampiga usoni. Halafu anashuka, anavua glavu, na saa inayofuata kazi ile ile inamngoja.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kazi ya mtaalamu wa hali ya hewa kileleni ni nini, namjibu: shahada ya chuo kikuu na mtaimbo. Tangu 1932 kipimo cha kila saa kinaendelea, na sehemu kubwa ya sababu ni chuma hicho.

Zamu zao zikoje?

Siku nane juu, kisha siku sita chini, na mabadiliko ni Jumatano. Zamu ina wapimaji watatu hivi, na mara nyingi wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo au watu wa kujitolea.

Kiangazi wanapanda kwa gari la kawaida. Baridi ikiingia wanapanda kwa trekta la minyororo lenye kabini nyuma na jembe mbele. Barabara ni ile ile ya watalii lakini huioni. Theluji imeisawazisha na mteremko, na dereva analazimika kuikata upya mbele yake. Siku njema ni saa moja na kitu. Siku mbaya wanasimama saa nzima wakingoja kuona ncha ya jembe lao wenyewe. Na siku mbaya zaidi hawapandi, zamu iliyoko juu inaongezewa siku na kimya kimya inahesabu mayai yaliyobaki.

Wanalala wapi, wanakula nini?

Ile nyumba ya minyororo haitumiki tena. Tangu 1980 wapo kwenye jengo la zege linaloitwa Sherman Adams, la hifadhi ya jimbo, ambalo juu lina ukumbi wa wageni na mnara wa vyombo, na chini kuna makazi: vyumba vya vitanda vya ghorofa, jiko, sebule yenye makochi na vitabu. Kiangazi ghorofa ya juu imejaa watalii wanaokula supu. Baridi mlango unafungwa na jengo lote ni lao.

Chakula kinapanda Jumatano na zamu. Wakati wa baridi watu wa kujitolea, ambao ni wanachama wa kituo, hupanda kwa wiki nzima, na kazi yao kuu ni kupika chakula cha jioni. Wanalipwa kwa mlo na kwa mandhari, basi. Nimewaambia dada zangu kwamba iko siku nitakwenda na kuwapikia wali wa nazi na maharage, na sufuria ya machalari Jumapili. Ndizi zitaganda njiani, lakini machalari hayajali sana.

Ni kweli kuna paka?

Kweli kabisa. Paka wamekuwapo kileleni tangu miaka ya 1930. Wa sasa anaitwa Nimbus, wa kijivu, amepanda mwaka 2021. Kabla yake alikuwapo Marty, mweusi, aliyekaa tangu 2008 mpaka alipokufa 2020. Marty alipata nafasi hiyo kwa kura: paka watatu kutoka nyumba ya wanyama waliokosa wenyewe waligombea, watu wakapiga kura, akashinda. Ilikuwa wakati ule ule New Hampshire inapiga kura za mchujo wa urais.

Wapimaji wanacheza na upepo?

Wanacheza, na wana sheria. Upepo ukidumu kwenye kilomita 161 kwa saa, yaani maili 100, anayetaka anaruhusiwa kujaribu kutembea kuuzunguka ukumbi wa nje bila kuanguka na bila kushika kitu chochote. Ukifaulu unaingia kwenye kundi la waliofaulu. Ni wachache. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma inaongezeka mara nne, kwa hiyo kati ya upepo wa kuchekesha na upepo wa kukubeba hakuna nafasi kubwa. Na haukusukumi kwa utulivu: unaegemea mbele ushindane nao, mara unakata ghafla, unaanguka kifudifudi kama mtu aliyeondolewa ukuta.

Kuna watu wanaokufa huko?

Wapo. Tangu 1849 zaidi ya watu 150 wamekufa kwenye mlima huo na milima ya jirani: kwa baridi, kuanguka, maporomoko ya theluji, moyo. Wengi hawakuwa wazembe. Walianza safari asubuhi kwenye jua, na mlima mfupi ukawadanganya kama ulivyonidanganya mimi. Siku ile ya Julai, chini kulikuwa na nyuzi 28 na watu wanaogelea mtoni. Juu nilikuta nyuzi 9 na upepo uliobeba kofia ya mtoto mmoja ikaingia wingu, haikuonekana tena.

Ndiyo sababu ule utabiri wa vilele unaandikwa kila siku. Kiangazi unasomwa kwa redio asubuhi kwa vibanda vya wapanda milima vilivyotapakaa kwenye safu hiyo, na watu wanaukusanyikia wakiwa na vikombe vya chai kabla ya kufunga mizigo.

Na uzuri je? Lazima kuna kitu kinachowafanya warudi.

Wakitoka kwenye wingu asubuhi na wingu likabaki chini yao, dunia yote ni pamba na vilele vichache vimechomoza. Jua likiwa nyuma yako, kivuli chako kinaangukia kwenye wingu, na kichwa cha kivuli kimezungukwa na pete za rangi. Kila mtu anaona pete kwenye kichwa chake tu, si cha mwenzake. Nadhani hiyo imewahi kumpotosha mtu akajiona nabii.

Pete hizo zina historia. Kilele cha Ben Nevis, Scotland, kilikuwa na kituo cha hali ya hewa kilichokaliwa na watu kuanzia 1883 mpaka 1904. Septemba 1894 kijana mmoja, C.T.R. Wilson, alikwenda kufanya kazi huko kwa wiki mbili. Akaona pete hizo, zikamteka, akarudi maabara Cambridge ajaribu kutengeneza wingu ndani ya chupa. Wingu lake la chupa likaishia kuwa chombo cha kuonyesha njia za chembe ndogo kuliko atomu, na mwaka 1927 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Wiki mbili za kumshikia mtu zamu.

Vipimo vyao vinamsaidia nani?

Vinaingia kwenye utabiri wa taifa zima, vinasaidia marubani, waokoaji na wapanda milima. Mabingwa wa barafu kwenye mabawa ya ndege na nguzo za umeme wanapanda kujaribia vifaa vyao hapo, maana ni rahisi kuliko kwenda ncha ya dunia. Na mfululizo wa miaka zaidi ya 90 wa vipimo mahali pamoja ni dhahabu kwa wanaofuatilia mabadiliko ya tabianchi. Mfululizo ukikatika mwaka mmoja, huwezi kurudi nyuma ukaupime.

Sisi Afrika Mashariki tuna kitu kama hicho?

Tuna vya namna nyingine. Mlima Kenya, upande wa kaskazini-magharibi, mita 3,678, kuna kituo cha Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kilichofunguliwa 1999 chini ya mpango wa dunia wa kuangalia angahewa. Hicho hakishindani na upepo. Kinanusa hewa: ozoni, hewa ya ukaa na nyinginezo, kwa sababu juu ya mlima ulio karibu na ikweta unapata hewa ambayo haijachafuliwa na mji. Kwenye Kilimanjaro, mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliweka kituo kinachojiendesha juu ya barafu ya kaskazini, karibu kabisa na kilele, kufuatilia jinsi barafu yenyewe inavyopungua. Hakuna anayelala huko. Mama mdogo alipolisikia hili alishangaa: mlima wetu mkubwa una mashine peke yake, na kile kilima cha Wamarekani kina watu, paka na mpishi.

Nikitaka kufika nifanyeje?

Nenda kati ya mwisho wa Mei na Oktoba, kwa gari, kwa reli au kwa miguu kama una miguu. Soma utabiri wa vilele siku hiyo hiyo, si wa mji ulio chini. Beba koti zito hata kama unatokwa jasho unapolipakia, kofia inayobana, na glavu. Wenzangu watatu walinicheka kwa glavu na kileleni waliziazima kwangu kwa zamu. Breki za gari zikaguliwe, kushuka ndiko kunakozichosha. Na ukimwona mtu anatoka mlango wa pembeni amevaa vizuri, ana kibao chenye vipimajoto mkononi, usimsemeshe kwanza. Mwache azungushe, asome, aandike. Akimaliza atakujibu chochote, ana karibu saa nzima.